Albamu Tatu za Roki Ambazo Hazikupewa Haki Yake



Somo letu la leo ni muziki wa roki, ule wa magitaa ya umeme yanayokwaruza na ngoma zinazopigwa kama mtu anagombana nazo. Najua wengi wetu tumekulia kwenye kwaya, Bongo Fleva na singeli, na roki tunakutana nayo kwa bahati tu, kwenye filamu au kwenye simu ya rafiki. Haidhuru. Huhitaji kuwa shabiki wa roki ili ulielewe somo hili. Inatosha kama umewahi kufanya kitu kizuri kwa moyo wako wote, halafu hakuna aliyegeuka kukitazama.

Nimechagua albamu tatu zilizorekodiwa kati ya mwaka 1969 na 1975. Mbili zilitoka kwa watu wa jiji la Detroit, Marekani, na ya tatu ni ya majirani zetu wa Zambia. Lakini kabla hatujabonyeza kitufe cha kusikiliza, tuweke swali mezani.

Swali la Socrates

Katika moja ya maandishi ya Plato, Socrates anambana bwana mmoja aitwaye Euthyphro kwa swali gumu kuhusu mambo ya miungu. Tukilileta kwenye muziki linakuwa hivi: wimbo ni mzuri kwa sababu watu wanaupenda, au watu wanaupenda kwa sababu ni mzuri?

Usijibu haraka. Ukishika jibu la kwanza, basi wimbo usiosikilizwa na mtu hauna uzuri wowote. Unaanza kuwa mzuri siku ile watazamaji wanapofika milioni, na wakipungua, uzuri nao unapungua. Kiukweli, wengi tunaishi hivyo bila kusema. Tunaweka picha, tunahesabu waliopenda, na idadi ikiwa ndogo tunaifuta, kana kwamba picha yenyewe imeharibika.

Mimi nashika jibu la pili. Uzuri unakuwemo kwanza, macho na masikio yanakuja baadaye. Wimbo ulikuwa tayari mzuri pale pale studio, hata kama mlangoni hakukuwa na mtu anayesubiri.

Lakini sasa linazuka tatizo lingine. Kama uzuri upo hata pasipo msikilizaji, kwa nini tusumbuke? Tuuache tu ukae na uzuri wake kabatini. Hapa ndipo neno “kustahili” linapotusaidia. Tukisema albamu inastahili kutambuliwa, tumeshasema kwamba kuna deni, na deni lina mdai na mdaiwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Basi kumtambua aliyefanya kazi njema si fadhila unayomtupia ukiwa na muda. Ni sehemu ya haki. Hebu tuone albamu hizi tatu zilivyodhulumiwa, kila moja kwa namna yake.

1. Albamu iliyohukumiwa kabla ya kusikilizwa

Detroit ilikuwa jiji la viwanda vya magari na la Motown, kampuni ya muziki aliyoianzisha Berry Gordy mwaka 1959. Kijana mweusi wa Detroit mwenye kipaji alitegemewa apige soul au funki. Ndugu watatu wa familia ya Hackney waliamua vingine. David alishika gitaa, Bobby akashika besi na kuimba, Dannis akakaa kwenye ngoma, wakapiga roki ya kasi na ya hasira.

Bendi yao waliiita Death, yaani Kifo. Najua umeshtuka, na wao walijua watu watashtuka. Jina hilo lilizaliwa baada ya baba yao kufariki. David hakutaka kukejeli kifo wala kukiabudu. Alitaka kukiondolea sura ya kutisha, watu wakione kama njia ya kupita. Nembo aliyobuni ilikuwa pembetatu: upande wa roho, upande wa akili na upande wa mwili, na nje yake nukta moja ya kumwakilisha Mungu anayeongoza vyote. Kwa hiyo nyuma ya jina lililowatisha watu kulikuwa na kijana mwenye msiba aliyekuwa akitafakari.

Mwaka 1975 waliingia studio ya United Sound pale Detroit wakarekodi nyimbo saba. Inasimuliwa kwamba Clive Davis, mmoja wa vigogo wa biashara ya muziki Marekani, alivutiwa nao, ila akaweka sharti: badilisheni jina. David akakataa. Mkataba ukayeyuka. Mwaka 1976 walitoa wenyewe santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala 500 tu, na redio hazikuipa nafasi ya maana. Baadaye walihamia Burlington, Vermont, wakatoa muziki wa roki wa Injili kwa jina la The 4th Movement. David alirudi Detroit, akafariki kwa saratani ya mapafu mwaka 2000. Kabla ya hapo alimkabidhi Bobby kanda za studio azitunze, akimwambia kwamba siku moja dunia itakuja kuziulizia.

Na dunia ikaja kweli. Watoto wa Bobby, ambao hawakuwahi kusimuliwa habari za bendi hiyo, walikuja kuisikia sauti ya baba yao kwenye nyimbo ambazo wapenzi wa santuri za zamani walikuwa wakitafutiana. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ilizitoa zile nyimbo saba kama albamu iitwayo ...For the Whole World to See, yaani “ili ulimwengu wote uone”. Haifikishi hata nusu saa. Anza na “Politicians in My Eyes”. Sikiliza besi inavyokimbia mbele ya gitaa, halafu bendi nzima inakata ghafla na kurudi kwa pamoja, kama watu waliopumua pafu moja. Kumbuka pia kwamba walirekodi mwaka mmoja kabla ya albamu ya kwanza ya Ramones wa New York, ambayo vitabu vingi vinaihesabu kuwa mwanzo wa panki.

Je, David alifanya sawa kukataa? Hapa nawaomba tusikimbilie kumpigia makofi. Wadogo zake walikuwa tayari kubadilisha jina, kwa hiyo bei ya msimamo wake waliilipa watatu, si yeye peke yake. Uaminifu wa mtu mmoja kwa kile alichokiona unaweza kuwa mzigo mabegani mwa ndugu zake. Sina jibu jepesi la hilo. Ninachoweza kusema bila kusita ni hiki: mlango uliwafungia kwa sababu ya neno moja juu ya jalada, na muziki uliokuwa ndani haukupata nafasi ya kujitetea. Hakimu anayetoa hukumu bila kumsikiliza mtuhumiwa ametenda dhuluma, hata kama kesi yenyewe ni ya wimbo wa dakika tano.

2. Albamu iliyosikilizwa bila mwenyewe kujua

Tubaki Detroit. Mwaka 1970, kampuni ya Sussex ilitoa albamu ya Sixto Rodriguez, mtoto wa familia yenye asili ya Mexico. Albamu iliitwa Cold Fact, na kwa Kiswahili ningeiita “Ukweli Mkavu”. Watayarishaji walikuwa Mike Theodore na Dennis Coffey. Marekani haikununua. Albamu ya pili ikatoka mwaka 1971, nayo kimya. Mkataba ukaisha, na Rodriguez akarudi kwenye vibarua vya ujenzi na kubomoa majengo. Tena, alisoma chuo kikuu pale pale Detroit akapata shahada ya falsafa. Mnaweza kufikiria nilivyofurahi kulijua hilo!

Sasa angalia kioja. Kusini kabisa mwa bara letu, Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, albamu hiyo hiyo iliota mizizi. Vijana Wazungu waliochoshwa na serikali yao waliirekodi kwenye kanda, wakapeana, wakaikariri. Wakubwa wa redio ya taifa waliogopa wimbo wa “Sugar Man” kiasi kwamba nakala ya maktaba yao ilikwaruzwa kwa makusudi ili usipigike. Watu waliamini kwamba Rodriguez mwenyewe alishakufa, tena kwa kujiua jukwaani. Kumbe yuko Detroit, amevaa buti za kazi, hana habari.

Katika miaka ya 1990 mashabiki wawili wa Afrika Kusini, Stephen Segerman na Craig Bartholomew Strydom, walimtafuta mpaka akapatikana, na mwaka 1998 akaenda kupiga huko mbele ya kumbi zilizojaa. Filamu ya makala kuhusu habari hiyo, Searching for Sugar Man ya Malik Bendjelloul, ilitoka mwaka 2012 na ikashinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Rodriguez alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 81.

Ukiisikiliza Cold Fact utashangaa ilivyo tulivu. Gitaa la kawaida, sauti isiyolazimisha kitu, halafu maneno yanayouma: umaskini wa mjini, viongozi wasiojali, watu wanaotafuta nafuu mahali pabaya. “Sugar Man” unamhusu muuza dawa za kulevya, nasema wazi ili asije mtu akashangaa. Lakini kusimulia si kushauri. Wimbo ule unasikika kama sauti ya mtu aliyechoka.

Deni hapa ni la aina mbili. La kwanza ni la fedha. Santuri ziliuzwa kwa miaka mingi Afrika Kusini, mirabaha haikumfikia aliyezitunga, naye alikuwa akibeba kifusi. Kumpenda msanii huku jasho lake linaliwa na wengine ni upendo wenye kasoro. La pili ni deni la ukweli. Ile filamu ni nzuri na naipendekeza, ila inaacha jambo: Rodriguez alikuwa na mashabiki Australia pia, na alikwenda kupiga huko mwaka 1979 na 1981. Hadithi ya mtu aliyesahaulika kabisa inapendeza zaidi kusimuliwa, nakubali. Hata hivyo tukimpunguzia mtu maisha yake ili hadithi yetu iwe tamu, tumemtambua nusu tu.

3. Albamu iliyotambuliwa baada ya wengi kuzikwa

Sasa turudi karibu na nyumbani, kule inakoishia reli ya TAZARA. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na bei ya shaba ilipokuwa nzuri, miji ya migodini ilikuwa na pesa na vijana waliokuwa wakifuatilia roki ya Uingereza na Marekani. Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Wanamuziki wakachukua magitaa ya umeme, wakayachanganya na midundo waliyozaliwa nayo, na mtindo huo ukaja kuitwa Zamrock. Afrika Mashariki ilishiriki kidogo: kundi la Musi-O-Tunya, lenye jina la yale maporomoko ya Mto Zambezi, lilirekodi Nairobi.

Waliovuma kuliko wengi waliitwa WITCH. Ndiyo, kwa Kiingereza neno hilo ni mchawi, lakini waliliandika kama kifupi cha maneno yenye maana ya “tumekusudia kuleta vurugu”. Ni majigambo ya ujana, basi. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda alijulikana kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Mwaka 1975 walitoa Lazy Bones!!, jina ambalo ni utani wa kumwita mtu mvivu. Tafuta wimbo wa “Black Tears”. Gitaa la Chris Mbewe linakwaruza kama mashine ya kuchomelea, ila sauti ya Jagari inapita juu yake taratibu, yenye huzuni na bila kelele. Huwezi kusema ni Uingereza, huwezi kusema ni ngoma ya kijijini. Ni vijana wa nchi yenye umri wa miaka kumi na moja wanaojaribu kujua wao ni akina nani.

Nyumbani WITCH walikuwa mastaa, lakini nje ya jirani zao karibu hakuna aliyewajua, na hata nyumbani nuru ilizimika upesi. Bei ya shaba ilianguka, uchumi ukayumba, kanda za kunakili kiholela zikaua soko la santuri. Kisha ukaja UKIMWI, ukakipiga kizazi kile bila huruma. Jagari mwenyewe aliacha muziki akaenda kuchimba vito. Kuanzia miaka ya 2010 santuri zao zilitolewa upya Marekani, mwaka 2019 ikatoka filamu juu yao, na mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, Zango, huku Jagari akizunguka majukwaa ya Ulaya na Marekani akiwa mzee wa miaka sabini na kitu. Kumbe pembeni yake hakuna mmoja wa waasisi wenzake. Wote walikuwa wameshafariki.

Hilo linaniuma kuliko habari za Detroit. Kwa Jagari deni lilicheleweshwa, lakini lililipwa akiwa hai. Kwa Mbewe na wenzake tunalipa makaburini. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kikijaa baada ya mwenye njaa kuondoka, nani atakula?

Tahadhari mbili

Kwanza, si kila kilichosahaulika ni lulu. Zipo albamu nyingi zisizojulikana kwa sababu nzuri tu: hazikupikwa zikaiva. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, si kumpa kila mtu sifa. Usikilize kweli, kisha useme unachosikia, hata kama ni “hapana”.

Pili, kuna kiburi cha kujua vya siri. Umekutana naye yule anayesema, “Mimi nasikiliza vitu ambavyo nyie hamvijui.” Siku bendi yake ikipata umaarufu, anaihama. Huyo amerudi kwenye jibu la kwanza la Socrates kupitia mlango wa uani. Bado anapima uzuri kwa idadi ya wasikilizaji, ila ameipindua hesabu: wachache ndio wazuri. Ukipenda kitu kwa sababu ni kizuri, utafurahi wengine wakikipenda pia.

Tufanye nini?

Sikiliza albamu moja kati ya hizi kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kurukaruka, simu ikiwa imelala kifudifudi. Hazizidi muda wa misa ya asubuhi. Kama ukiipenda, mtajie rafiki, tena taja majina ya waliopiga. Na ikiwa una uwezo wa kuinunua kwa njia inayomfikishia msanii au familia yake chochote, fanya hivyo.

Halafu geuka uangalie jirani. Kabati la kwaya ya parokia yako lina karatasi za nota zilizotolewa kopi ya kopi mpaka jina la mtunzi juu pale pembeni limefutika. Tunauimba wimbo kila mwaka, tunatoa machozi, na hatujui kama aliyeutunga yupo hai, yuko kigango gani, au kama kuna mtu aliyewahi kumwambia asante. Huyo hajafa bado, pengine. Mtafuteni. Andikeni jina lake upya juu ya karatasi, kwa kalamu ikibidi, na mtangazaji wa matangazo alitaje Dominika moja. Wimbo hautakuwa mzuri zaidi kwa kufanya hivyo. Ulikuwa mzuri tayari. Sisi ndio tutakuwa tumepunguza deni.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya au kikundi chenu

1. Kama ungekuwa Bobby au Dannis, ungemwambia nini David siku ile ya kukataa mkataba?
2. Kuna kazi gani umeifuta au umeiacha kwa sababu tu watu hawakuitazama? Je, ilikuwa mbaya kweli?
3. Tajeni mtu mmoja aliye hai hapa karibu nanyi ambaye mnafaidi kazi yake bila kulitaja jina lake. Mtamfikia lini?

Niandikieni mlichopata, hasa jibu la swali la tatu. Tukutane somo lijalo.